Fisi Maji na Wavu wa Mjomba

Mjukuu wangu wa kike ana miaka 9. Jioni moja alinijia barazani, hapa kwetu Nkende, akiwa na simu ya mama yake mkononi. "Babu, hebu ona hawa," akasema. Nikavaa miwani. Niliona wanyama wawili wanaelea chali majini, macho wameyafumba, na kila mmoja ameushika mkono wa mwenzake. Maji yakawatenganisha kidogo. Baada ya muda wakakaribiana, wakashikana tena. Mtoto akacheka, kisha akatulia kimya kama atuliavyo mtu aliyeguswa moyoni. Akauliza kama na sisi tunao wanyama hao. Nikamjibu kwamba tunao jamaa zao, nao huitwa fisi maji. Akauliza kama nimepata kuwaona kwa macho yangu. Nikamjibu kwamba nimepata.

Kwa desturi ya mababu ilinipasa hapo niendelee kusimulia. Lakini nilikumbuka kasia, na ulimi ukawa mzito. Nikamwambia akalale. Haya ninayoyaandika ni jibu nililoshindwa kumpa usiku ule, nami nakuandikia wewe, ndugu msomaji, kwa sababu nadhani swali lenyewe si la mtoto peke yake.

Sisi wa Nkende si watu wa maji. Ni watu wa ng'ombe na mahindi, wa vilima na baridi ya asubuhi, na ziwa tunalijua zaidi kwa harufu ya samaki sokoni Tarime. Lakini mama yangu alikuwa Mjaluo wa upande wa Shirati, na katika likizo ya mwaka 1976, nikiwa na miaka 11, nilipelekwa kukaa kwa mjomba wangu aliyekuwa mvuvi. Wakati ule Rorya haijawa wilaya, ilikuwa bado sehemu ya Tarime, kwa hiyo nilifika ugenini bila kutoka wilayani mwetu. Mjomba nilimwita nera, naye aliniita okewa, yaani mtoto wa dada, kama yalivyo mapokeo ya huko.

Karibu na mahali alipoegesha mtumbwi wake palikuwa na majabali yaliyoingia ziwani, na pembeni yake matete. Hapo ndipo nilipowaona. Walikuwa wanne: wakubwa wawili na wadogo wawili, rangi ya kahawia iliyoiva, na shingoni wana madoadoa meupe kama mtu aliyemwagikiwa na uji. Walipiga mbinja nyembamba wakiitana. Walijisugua juu ya jabali, wakafukuzana, wakazama, wakaibuka mahali ambapo hukutazamia, mmoja na samaki mdomoni, akimshika kwa mikono miwili na kumla kuanzia kichwani kama mtoto alavyo muwa. Jioni nne mfululizo nilikwenda kuwatazama. Niliwapa majina. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikumweleza mtu.

Alfajiri ya siku ya tano nera alinichukua mtumbwini kwenda kutegua nyavu. Wavu wa kwanza ulikuwa na furu wengi, wale samaki wadogo wenye mapezi ya rangi rangi, nasi tukawatia ndani ya mtumbwi wakirukaruka miguuni pangu. Wavu wa pili ulikuja mzito, na nera akaanza kulaani kabla hajauona mwisho wake. Ulikuwa umechanika matundu makubwa matatu, samaki wengi wamebaki vichwa, na katikati ya fundo la nyuzi alikuwamo fisi maji, mzima, anahema. Nera alipoinama kumfungua, alimng'ata kidole gumba hadi mfupa. Nera akashika kasia.

Nilipiga kelele. Nakumbuka jambo moja zaidi ya yote: mkono wa mnyama yule, wenye vidole vitano vilivyounganishwa kwa ngozi nyembamba, uliinuka mbele ya uso wake. Huenda alikuwa akitafuta pa kushika tu. Mimi niliona mtu anayejikinga.

Kasia lilipigwa mara mbili. Nera akafunga kidole chake kwa kitambaa, akaketi, akaniacha nilie hadi nikachoka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Okewa, wavu huu utaulipa wewe?" Sikujibu. Akaelekeza kidole kile kilichofungwa kwenye sakafu ya mtumbwi, ambako furu walikuwa bado wanafumba na kufumbua midomo wakitafuta maji. "Na hawa je? Mbona hawa huwalilii?"

Yapata nusu karne imepita, na maswali yale mawili bado ninayo. Nitaanza na la pili, kwa kuwa ndilo linaloonekana jepesi.

Kwa nini tunampenda fisi maji? Duniani ziko aina zake 13 au 14, kwa jinsi wataalamu wanavyohesabu, na karibu kila mahali walipo watu huvutwa nao. Kwetu Tanzania ziko aina mbili. Yupo huyu mwenye madoa shingoni, anayekaa Ziwa Victoria na maji mengine maangavu, mwenye uzito wa kilo 4 au 5 hivi, anayewinda kwa macho wakati wa mchana. Yupo na mkubwa wake, asiye na makucha, anayeweza kufikia kilo 15 na zaidi, anayepita katika mito na vijito hata maji yakiwa na tope, kwa sababu yeye huwinda kwa kupapasa. Huingiza mikono chini ya mawe, akatafuta kaa kwa vidole kama mama atafutavyo sindano iliyoanguka chini ya kitanda. Mama wa fisi maji huzaa mtoto mmoja, wawili au watatu, huwaficha katika shimo au chini ya mizizi, na hukaa nao muda mrefu akiwafundisha kuogelea na kuwinda, maana ujuzi huo hawazaliwi nao.

Ukitazama orodha hiyo, msomaji, utaona tunachokipenda. Ni mikono. Ni uso wa mviringo wenye macho yanayotazama mbele. Ni mama na mtoto. Ni mchezo. Kwa ufupi, ni sisi wenyewe, tumevikwa manyoya. Fisi wa nchi kavu naye ni mzazi hodari, lakini uso wake hautukumbushi mtu tunayetaka kufanana naye, na kwa hiyo tumempachika uchawi na ulafi. Kiswahili chetu kilimpa huyu wa majini jina la fisi, nadhani kwa jicho la mvuvi. Mvuvi alimwona mwizi. Mtu anayekaa ukingoni bila wavu ndiye anayeona mchezaji.

Na mchezo wenyewe, je, ni mchezo? Wapo fisi maji wadogo wa Asia ambao hupenda kulala chali na kurusha kijiwe kutoka mkono huu kwenda mwingine, wakakipitisha shingoni na kukidaka, na watu katika bustani za wanyama huwatazama kwa masaa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wao: wanyama hao walizidi kurusha mawe walipokuwa na njaa, wakati wa chakula ulipokaribia. Sisemi kwamba hawafurahi. Nasema kwamba watazamaji wote wale waliona furaha, na huenda waliyekuwa wakimtazama alikuwa akingoja kulishwa. Ndivyo tunavyowasoma. Hata mimi, pale majabalini, nilikuwa nimeandika hadithi nzima juu ya nyuso zile nne, wala hakuna mmoja wao aliyeniambia kitu.

Mapenzi ya namna hii yana hatari yake, na wahenga waliijua waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwandishi wa Kiskochi, Gavin Maxwell, alimfanya fisi maji apendwe na mamilioni ya watu kwa kitabu chake cha mwaka 1960, kilichotengenezewa filamu mwaka 1969. Wa kwanza katika kitabu hicho aliyependwa sana, Mijbil, alitolewa katika mabwawa ya Iraki akapelekwa Uskochi, akauawa na mtu wa kazi za barabara mwaka 1957. Baada yake alikuja Edal, fisi maji asiye na makucha kutoka Afrika Magharibi. Edal alilelewa ndani ya nyumba, akalishwa na kubembelezwa. Kisha siku moja akamng'ata kijana aliyekuwa akimtunza, akamkata sehemu za vidole viwili. Hatimaye akafa kwa moto ulioteketeza nyumba ile mwaka 1968. Nikisoma habari hizo humkumbuka nera na kidole chake gumba. Edal hakuwa mwovu, wala hakusaliti upendo wa mtu. Alikuwa fisi maji siku zote. Waliosahau ni wenzake wa nyumbani.

Mfano mwingine uko katika picha ile ya mjukuu wangu. Wanyama wale wawili walikuwa fisi maji wa baharini, walipigwa picha katika jumba la viumbe wa majini la Vancouver, Kanada, na picha ikasambaa duniani mwaka 2007. Mmoja wao, jike aliyeitwa Nyac, aliokolewa akiwa mtoto baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta katika pwani ya Alaska mwezi Machi 1989. Mafuta yale yaliua maelfu ya jamaa zake. Na kabla ya hapo jamaa hao walikuwa tayari wameponea chupuchupu, kwa sababu ya uzuri wao wenyewe. Fisi maji wa baharini hana mafuta mwilini ya kumkinga na baridi kama nyangumi; ana manyoya, tena manyoya mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote. Tangu mwaka 1741 wafanyabiashara waliyataka manyoya hayo kwa mavazi ya matajiri, na ulipofika mwaka 1911, mataifa yalipotia saini mkataba wa kuwalinda, hawakubaki zaidi ya elfu mbili hivi duniani kote. Mkono unaopapasa manyoya laini na mkono unaoyachuna uliongozwa na jicho lile lile.

Hata siku hizi mambo si tofauti sana. Picha za fisi maji ndani ya nyumba za watu ziliamsha tamaa ya kuwafuga, hasa katika nchi za Asia, watoto wao wakawa wanaibwa mashimoni na kusafirishwa ndani ya masanduku. Ilibidi mkutano wa mataifa uliofanyika Geneva mwezi Agosti 2019 uziweke aina mbili za Asia katika orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku. Waliowaponza hawakuwa watu wenye chuki. Walikuwa watu wenye mapenzi.

Sasa tuwarudie furu, wale waliokuwa miguuni pangu. Katika Ziwa Victoria na maji yanayolizunguka palikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki hao, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kila aina ilikuwa na kazi yake: wako waliokula konokono, wako waliokwangua mwani juu ya mawe, wako waliokula magamba ya wenzao. Wengi wa majike hulea mayai na watoto ndani ya midomo yao. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno. Katika muda mfupi yakadiriwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Baadhi ya zilizosalia zilianza kurudi baadaye, sangara walipovuliwa kwa wingi, zilizotoweka hazitarudi.

Msomaji wangu, huo ulikuwa msiba mkubwa kuliko misiba mingi ya wanyama tunayoililia, nao ulitokea mbele ya nyumba zetu. Nani alilia? Wataalamu wachache walilia. Sisi wengine tulisema samaki wamebadilika. Furu hakuwa na mikono, hakupiga mbinja, hakushikana na mwenzake katika picha. Mama anayelea watoto mdomoni siku nyingi bila kula hakutupa hata chozi moja, kwa kuwa uso wake haukufanana na wa mama zetu.

Mwanafalsafa mmoja wa Uingereza, Jeremy Bentham, aliandika mwaka 1789 kwamba juu ya wanyama tusiulize kama wanaweza kufikiri au kusema, bali kama wanaweza kuumia. Nilipolisoma jambo hilo ukubwani nilifikiri nimepata jibu la nera. Lakini nera alikuwa amenipa swali lile lile mtumbwini, tena kwa maneno machache. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, tunasema. Mimi nilikuwa nimeongeza fisi maji upande wa binadamu, nikawaacha furu upande wa nguruwe, kisha nikajiona mtoto mwenye huruma.

Nije kwenye swali la kwanza. Wavu utaulipa wewe?

Nera hakuwa mkatili. Wavu ule aliununua kwa mkopo kutoka kwa mwenye duka, na alikuwa na watoto sita. Matundu matatu yalimaanisha siku kadhaa za kushona badala ya kuvua, na siku za kushona ni siku za kukopa unga. Ni rahisi kumpenda mnyama anayekula chakula cha mtu mwingine. Nilikuwa mgeni, likizo ikiisha ningerudi Nkende kunywa maziwa. Machozi yangu hayakunigharimu hata senti, na nilitaka yeye ndiye ayagharimie.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Mtu akisema anampenda mnyama wa porini, swali la kwanza liwe ni nani anayetoa kitu ili mnyama huyo aishi. Mara nyingi mpenzi yuko mbali, na mlipaji yuko karibu. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha akiahidi kwamba nchi mpya itafanya kila liwezekanalo kuhifadhi wanyama wake kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Watu hupenda kuikumbuka ahadi hiyo. Husahau kwamba tamko lile lile lilisema pia kuwa kazi hiyo inahitaji wataalamu na fedha, na kwamba mataifa mengine yanatazamiwa kushirikiana nasi. Mwalimu aliuona wavu. Alijua kwamba ahadi ikitolewa Arusha, kuna mtu kijijini atakayeitimiza kwa shamba au kwa nyavu zake.

Mahali pengine tumeweza. Kisiwa cha Rubondo, upande wa kusini-magharibi wa ziwa, kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Uvuvi wa biashara hauruhusiwi kandokando yake, na fisi maji wenye madoa shingoni wapo huko hata leo. Lakini ziwa zima haliwezi kuwa Rubondo. Penye watu na nyavu, fisi maji ataendelea kuzama katika nyavu, na mvuvi ataendelea kushona.

Lakini jambo moja kuhusu nera nililielewa nikiwa mtu mzima. Nilimtembelea mwaka 1988. Furu walikuwa wamekwisha; mtumbwini mlikuwa na sangara. Tulipita karibu na yale majabali, akapunguza kasia, akatazama. "Okewa," akasema, "hata wale wezi wangu siwaoni siku hizi." Kisha akaanza kunieleza, bila mimi kumuuliza: walikuwa wakilala kwenye ufa gani, walizaa lini, yule dume mkubwa alikuwa na kovu puani, mbinja ya hatari ilikuwaje na ya kumwita mtoto ilikuwaje. Aliipiga moja, kwa midomo yake mikavu, juu ya maji matupu. Mimi niliyewapenda sikuwa nimejua hata moja kati ya hayo. Niliwapa majina, yeye aliwajua. Alikuwa amewaua wawili au watatu maishani mwake, na katika sauti yake nilisikia upweke wa mtu aliyehamwa na jirani mgomvi. Sijui kama hayo yaitwe mapenzi. Najua kwamba yalikuwa na uzito kuliko yangu.

Hadi hapa, ndugu msomaji, unaweza kudhani kwamba nimejipatia somo kwa gharama ya mjomba, na kwamba mimi mwenyewe mikono yangu ni safi. Ndivyo nilivyodhani kwa miaka mingi.

Nimesema kwamba fisi maji mwenye madoa shingoni huwinda kwa macho. Anahitaji maji maangavu. Furu naye, katika msimu wa kuzaa, jike humchagua dume kwa rangi. Watafiti waliofanya kazi Ziwa Victoria walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakiwa machafu rangi hazionekani, majike hushindwa kutofautisha dume wa aina yao na wa aina nyingine, na aina huchanganyikana hadi zikapotea. Sangara peke yake hakumaliza furu. Giza nalo lilisaidia. Na giza hilo hutoka wapi? Sehemu yake hutoka kwenye udongo na mbolea inayoshuka kutoka nchi kavu, ambayo hulisha mwani hadi maji yakawa ya kijani.

Vijito vya Tarime, vingine huelekea kusini kwenye Mto Mara, vingine magharibi kwenye Mto Mori. Vyote mwisho wake ni ziwa. Chini ya shamba langu hapa Nkende kipo kijito kimoja, na shamba hilo, nililorithi kwa baba, nililima hadi ukingoni. Nilipanda mahindi mahali ambapo ng'ombe akinywa maji kwato zake huzama. Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 ziliondoa tuta baada ya tuta. Nilisimama mlangoni nikayatazama maji mekundu yakishuka, nikahuzunikia mahindi. Haikunijia hata mara moja kwamba wekundu ule unaelekea Shirati. Sikuwahi kumpiga fisi maji kwa kasia. Nimempaka udongo machoni, kwa jembe, kila msimu, huku nikijisifu moyoni kwamba mimi ndiye niliyemlilia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikasirika. Nenda ukapime shamba langu, nilisema: kutoka kijitoni hadi njiani ni meta 90 hivi. Nikiacha 60, nitalima nini? Hapo nilijisikia nikisema maneno ya nera, karibu neno kwa neno. Wavu huu utaulipa wewe?

Nitakuambia ukweli wote. Sikuacha meta 60. Niliacha 20, nikapanda mabingobingo na kuyaacha matete yarudi yenyewe. Mabingobingo huyakata nikamlisha ng'ombe, kwa hiyo hasara yangu si kubwa kama nilivyoogopa, lakini ni hasara. Magunia mawili ya mahindi kwa mwaka mzuri. Sheria ingeniambia kwamba nimevunja ahadi kwa meta 40. Jirani yangu huniambia kwamba nimepoteza magunia mawili kwa ajili ya mnyama nisiyemwona. Wote wawili wana haki ya kusema. Mimi najua tu kwamba hizo meta 20 ndizo za kwanza ambazo mapenzi yangu yamelipa, tangu mwaka 1976. Na najua pia kwamba ukanda ule hauchagui uso. Unachuja udongo kwa ajili ya fisi maji, na kwa ajili ya furu, na kwa ajili ya mvuvi ambaye wala hanijui. Hii ndiyo tofauti niliyoipata kati ya kupenda na kutenda haki: mapenzi yangu yalihitaji madoa shingoni na mikono miwili, haki haikuniuliza ni nani anayekaa huko chini.

Juzi nilimchukua mjukuu wangu tukashuka kijitoni. Nilimwahidi kumwonyesha mahali, si mnyama. Tulitembea polepole kando ya matete. Juu ya jiwe moja bapa, hatua mbili kutoka majini, tulikuta kinyesi kilichokauka, chenye vipande vya magamba ya kaa, vyekundu na vyeupe. Mtoto akainama, akaziba pua. "Babu, kinanuka!"

Nikamwambia kwamba huenda ni cha fisi maji, yule mkubwa asiye na makucha, maana hula kaa na hurudi kujisaidia mahali pale pale. Lakini huenda pia ni cha nguchiro wa majini, ambaye naye hula kaa, na ambaye hakuna anayempiga picha. Akaniuliza tutajuaje. Nikamwambia hatutajua, labda tukae hapa usiku kucha.

Alifikiri kidogo, akiwa bado ameziba pua. Kisha akauliza kama nguchiro naye ana watoto. Tukaketi juu ya majani, nami nikaanza kumsimulia, tangu mwanzo, habari za nera, na wavu, na kasia.